Mama mkwe kawamegea samaki tonge

Jamani, leo samaki wangu wamekula ugali!

Mama mkwe kafika Tunduma asubuhi akitokea Mbozi. Mchana tukakaa mezani, tangi langu jipya la samaki likiwa pembeni yake. Nikaenda jikoni kuchukua chumvi tu. Narudi, maji yamekuwa uji, samaki wanahema juu juu!

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewamegea tonge. Wanavyonitolea macho hivi, nitakulaje peke yangu kama mchoyo?"

Nicheke au nilie?

Mbio mbio nikawahamishia kwenye beseni la maji niliyoyalaza tangu jana. Wote wazima, asante Mungu. Nikaosha tangi, nikawarudisha, nikamweleza mama kwamba wana chakula chao. Akaitikia vizuri kabisa.

Jioni chakula kikatengwa. Mama akafungua kitenge chake kiunoni, akafunika tangi lote.

"Haya, sasa tuombe tule."