Begi la Gofu na Mgongo wa Mama

Turubai likilowa mvua, harufu yake hunirudisha kwenye begi la gofu la baba. Juzi nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha samaki hapa sokoni Nchelenge, Zambia, mwanangu mgongoni, mvua ikaja na upepo wa ziwani, na turubai la jirani likaanza kunuka vilevile: ukungu, vumbi la zamani na samaki wakavu. Nitawasimulia habari hii, ingawa kwa miaka mingi niliisema kama mtu anayesoma tangazo.

Kule Kongo baba alikuwa akiwabebea mabegi wacheza gofu. Mzungu mmoja aliyenunua begi jipya akampa lile la zamani, la kijani, lenye mkanda mmoja. Tulipokimbia vita tulitia humo vitu vyote virefu. Tuliposhuka mtumbwini upande wa Zambia, askari mmoja alilitazama kwa wasiwasi, akadhani tumebeba bunduki, akataka lifunguliwe. Kilichotangulia kutoka ni mwiko wa bukari, ugali wa kwetu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Ndipo mama akafungua kitenge ili ampe mdogo wangu Ilunga maji. Ilunga alikuwa na homa tangu asubuhi, na ziwa lote alilivuka mgongoni mwa mama. Alikuwa amekwisha kuwa baridi. 

“Alikuwa ku mugongo yangu,” mama alisema, “na sikusikia.”

Sikulia. Moyo ulikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na ulikaa hivyo kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani na hata baadaye tulipopewa shamba. Nilikula, nilichota maji, nilicheza na wenzangu, na ndani hapakuwa na kitu.

Mama naye hakuweka tena kitu mgongoni. Jirani akimwomba ambebee mtoto, alimpakata mbele. Maji, kuni, unga, vyote vilikwenda kichwani, na kitenge kile cha Ilunga alikizungusha kikawa kata ya kuwekea mizigo. Shingo ilianza kumuuma hata akawa hawezi kugeuka bila kugeuza mwili mzima.

Mvua za kupanda zikaja. Mwanamke mmoja Mbemba, mwenyeji mwenye shamba karibu na ziwa, alikubali kutupa miti ya muhogo ya kupanda, na tusipoipanda mapema, mwaka ule wote tungekula cha kupewa tu. Baba alikuwa amejikata mguu kwa jembe. Mama alikwisha kuanguka na mzigo wa miti kichwani. Nikabaki mimi na begi.

Baba alishona mkanda wa pili kwa mpira wa baiskeli, akanifundisha kazi yake kwa uzito wa mwalimu mkuu. Nilizunguka nyumba na begi limejaa kuni, kuku wakinikimbia, yeye ameketi anasahihisha mwendo wangu. Mikanda yote miwili, siyo mmoja, maana mmoja unapinda uti wa mgongo. Ukiinuka, inuka kwa magoti.

“Bizito ikae juu, ku mabega,” alisema. “Ikishuka ku kiuno, mugongo itakufa.”

Siku ya kwenda nilifuatana na mama, na miti ya muhogo ilijaa mpaka mdomoni mwa begi. Njiani kurudi lilianza kuyumba huku na huku, nikaona nitaanguka. Tulipopumzika, nikakunjua kile kitenge cha kata ya mama, nikalifunga begi kiunoni kwangu jinsi mtoto anavyofungwa. Lilitulia kabisa. Nilifurahi kwa akili yangu, nikageuka nimwonyeshe.

Mama alikitazama kile kitenge mgongoni kwangu, kimevimba, kimekaza. Nilidhani atanipiga. Alinisogelea, akalegeza fundo.

“Leta,” alisema. “Nibebe miye.”

Nilimfunga mikanda, nikamwambia bizito ikae juu, akatii kama mwanafunzi. Kitenge akakifunga mwenyewe. Tukaondoka, naye alitembea vizuri, mgongo wima. Ila kila baada ya mwendo kidogo alipeleka mkono nyuma, akapapasa chini ya begi, kisha akaendelea. Alifanya hivyo mpaka nyumbani. Nilikerwa kidogo, nikamwambia begi limefungwa vizuri, haliwezi kuanguka.

“Najua,” alisema.

Muhogo ule ulishika, tukaula. Mama aliacha kuugua shingo, na mimi nikakua, nikaolewa, nikazaa.

Basi juzi pale kibandani, mvua ikipiga, nilijikuta nimepeleka mkono nyuma nikashika unyayo wa mwanangu. Ulikuwa na joto. Baada ya muda mfupi nikaushika tena, na tena, bila kuamua. Mkono ukiwa bado kule nyuma nikamwona mama akilini, yuko njiani na begi lake la miti, mkono wake nao nyuma, na hapo nikalia, mwenye samaki akidhani naumwa.