Vijiti vya Asumini

Leo nimekata tawi la asumini hapa kwangu Sofu nilipande kwenye kopo, na harufu mbichi ya ule mti imenirudisha Marui, kwa bibi mzaa baba.

Baba na mama walikuwa wameachana. Mimi nilikuwa nabaki kwa bibi, mama anahamia Kibaha. Kabla hajaondoka akaomba kijiti cha asumini akapande huko aendako.

"Kata vitatu," bibi akamwambia. "Kwa mkono wako huo, hata mchicha unakufa."

"Mama nawe, unanisema mpaka siku ya kuondoka?"

Wakacheka wote wawili. Kati ya baba na mama, nani alimkosea nani sijui, nisije nikamsingizia mtu. Bibi akamwonyesha akate chini ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Mama akavifunga kwa kitambaa kilicholowa.

Nikamuuliza, "Havitakufa njiani?"

"Havifi. Nitavipakata."

Akapanda bodaboda, akakaa upande, akaviweka mapajani, pale nilipozoea kukaa mimi, na kuvifunika kwa kanga visipigwe na jua. Labda alinipungia mkono, sina hakika. Mimi nilikuwa nayatazama mapaja yake.