Fundi Sikio na Magari Mawili ya Jumamosi

Watu wa mtaa walimwita Sikio tangu ujana wake, na jina likamganda mpaka mvi zilipomtoka. Alikuwa fundi wa magari, na magari aliyatibu kwa kuyasikiliza. Gari likiingia gereji hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Alimwambia mwenye gari aiache injini iungurume, kisha akasimama kando, kichwa upande, macho nusu yamefumba, utadhani amepitiwa na usingizi. Baada ya muda angesema, "Beringi ya pampu ya maji hiyo. Ina wiki mbili, usiipe ya tatu." Na wiki mbili zikawa kweli.

Gereji yake ilikuwa chumba kirefu cha bati chenye shimo la kushukia chini ya gari, kompresa ya kujazia upepo, na dirisha moja upande wa jua la asubuhi. Saa tatu mwanga ulipita hapo ukalala juu ya sakafu yenye mafuta, na vumbi likaelea ndani yake polepole. Saa hiyo ndiyo aliyoipenda. Hasa Jumamosi, kwa sababu Jumamosi walikuja wale wawili.

Wa kwanza alikuwa mchapaji, mwanamume wa kitambi mwenye mtambo wa kuchapa vitabu vya shule, vidole vyake havikukosa wino hata siku moja. Gari lake lilikuwa jekundu, jipya, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya mkutano na silinda nane chini yake. Mwenyewe aliliita gari la misuli. Nguvu yote ilikwenda magurudumu ya nyuma.

Wa pili alikuwa daktari wa meno, mwanamke mwembamba, mtaratibu wa maneno. Lake lilikuwa la bluu, la milango minne, ukiliona barabarani ungesema ni la kupelekea watoto shule. Injini yake ilikuwa na silinda nne tu. Ila ilikuwa na turbo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuisukumia hewa kwa nguvu, na magurudumu yote manne yalivuta.

Ubishi wao haukuisha.

"Daktari," mchapaji angesema, "hilo lako ni cherehani inayopiga mluzi."

"Na lako ni fahali. Likiona kona linafumba macho."

"Hiyo ilikuwa zamani! Haya ya siku hizi yana breki za maana, yana kompyuta, yanapinda vizuri tu."

"Yanapinda, mradi barabara ni kavu na dereva amesali."

Kisha wote wawili wangemgeukia fundi wakitaka hukumu, naye angecheka tu na kujifuta mikono. Hakutaka kuchagua. Lile jekundu lilimwingia kifuani, likatetemesha vifungo vya shati lake. Lakini lile la bluu, mguu ukikandamiza mafuta, lilitoa mluzi mwembamba unaopanda, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukwambia siri. Mluzi ule aliupenda kuliko sauti zote za kazi yake, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka ule mluzi ukaanza kumtoroka, naye asijue. Dunia ilikuwa inanyamaza kwa upole, upande mmoja baada ya mwingine, kama nyumba ambayo watu wake wanakwenda kulala. Ndege wa asubuhi aliona wamehama. Simu aliona zimetengenezwa vibaya. Mke wake alimwambia, "Baba watoto, birika limelia mpaka limekauka maji na wewe umekaa pembeni yake!" Akajibu kwamba alikuwa na mawazo. Kimya kile hakikumchukiza, kwa kweli. Kilikuwa na utulivu wake, na alitembea ndani yake kama mtu anayetembea kwenye ukungu mwepesi, akifikiri kwamba ni uzee tu unampunguzia haraka za dunia.

Jumamosi moja daktari alifika peke yake.

"Fundi, kuna sauti mpya. Nikikanyaga mafuta, inasss... kama nyoka. Na nguvu imepungua."

Sikio akainama. Daktari akakanyaga. Fundi akatega sikio, akafumba macho, akangoja. Alisikia injini ikipanda na kushuka, nene, ya kawaida. Zaidi ya hapo palikuwa peupe.

"Tena," akasema.

Daktari akakanyaga tena.

"Halina kitu, daktari. Labda mafuta uliyoweka."

Daktari akamtazama kidogo, kisha akaondoka, kwa kuwa neno la Sikio lilikuwa neno.

Alhamisi alirudi amevutwa kwa kamba na gari la mchapaji. Bomba la mpira linalotoka kwenye turbo lilikuwa limepasuka na kuchomoka kabisa kwenye mlima, moshi mweusi ukatanda, na daktari akakaa kando ya barabara kwa saa mbili huku mgonjwa wake mwenye jino bovu akimngoja kliniki, shavu mkononi.

Hakugomba. Ni mchapaji aliyesema, bila ubaya, huku akifungua kamba: "Lakini fundi, sauti ile hata mimi niliisikia wiki iliyopita tulipopishana njiani. Na mimi ninashinda na mitambo inayopiga kelele, masikio yangu ni mapambo."

Sikio aliinama chini ya boneti ili wasimwone uso. Akalishika bomba lililopasuka, na palepale vikajipanga mbele yake ndege, simu, birika, na mluzi ambao sasa hakukumbuka ni lini aliusikia mara ya mwisho.

Gari likabaki kwake. Aliweka bomba jipya, akakaza vibano, akakaa kwenye tairi kuukuu akilitazama gari la bluu. Angewezaje kujua kama limepona? Mwisho akachukua ndoo, akakoroga sabuni mpaka povu likasimama. Akaziba mdomo wa kuingizia hewa, akaunganisha mpira wa kompresa, akajaza upepo taratibu, kisha akapaka povu kila kiungio kwa brashi ya rangi. Bomba jipya likatulia. Lakini nyuma kabisa, kwenye kiungio asichokishuku, viputo vidogo vikaanza kuchomoza kimoja kimoja, vyeupe, vinang'aa kwenye mwanga wa dirisha. Akavitazama muda mrefu. Alikuwa anaiona sauti. Akakiweka kidole chake pale na pumzi baridi ikamgusa, kisha akakaza kibano cha hapo.

Jumamosi wale wawili walipofika, alipiga moyo konde.

"Nina jambo," akasema. "Sisikii. Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimeondoka. Daktari, nilikudanganya bila kujua. Ukitaka kwenda kwa fundi mwingine sitakulaumu."

Mchapaji akatazama viatu vyake. Daktari akauliza, "Umelitengeneza?"

"Nimelitengeneza. Na tundu la pili nimelikuta. Kwa sabuni."

"Basi ingia tulijaribu."

Mvua ilikuwa imeanza. Mchapaji akabaki gereji, wao wakapanda barabara ya mlimani, ile yenye kona nyingi, daktari kwenye usukani, Sikio pembeni, mikono juu ya magoti. Hakuwahi kulipanda gari lile bila kulisikiliza. Sasa alikaa tu. Daktari akakandamiza mafuta, na kwa muda wa kupepesa jicho hapakutokea kitu. Halafu kiganja kikubwa kikamsukuma mgongoni, bila kelele, kikaendelea kumsukuma. Kona ya kwanza ikaja, imelowa, inameta. Alijua gari jekundu lingefanya nini hapo. Aliwahi kulijaribu kwenye mvua, mkia ukaanza kutangatanga, akalazimika kuunyanyua mguu taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Hili la bluu halikutangatanga. Mbele lilivuta, nyuma lilisukuma, likaishika lami kwa miguu minne na kupita. Miti ikapita. Maji yakapita. Sikio alijihisi anabebwa ndani ya ndoto ambayo mtu mwingine anaijua njia yake.

"Limepona?" daktari aliuliza walipofika juu, akimgeukia ili aone midomo yake.

"Limepona."

"Sasa tuambie. Lipi bora?"

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Mvua ikinyesha na nina safari, nipe lako. Lile la mchapaji nitakwambia nikilijaribu vizuri."

Nafasi ilipatikana Jumanne. Mchapaji aliliacha gari libadilishwe pedi za breki, akasema fundi alizungushe apendavyo. Sikio akavaa shati safi, akaenda nalo mpaka maktaba ya shule alikofanya kazi mke wake, akamkuta anatoka na mkoba wake begani.

"Hili la nani?"

"Panda kwanza, mama watoto."

Wakashika barabara nyoofu inayotoka mjini, kavu, nyeupe kwa jua la alasiri, mashamba matupu huku na huku. Akakanyaga. Silinda nane zikaamka kwa pamoja, wala hapakuwa na cha kungojea, nguvu ilikuja papo hapo pamoja na ngurumo yake, ikajaa kwenye viti, kwenye mbavu, kwenye meno. Mke wake akapiga kelele akishikilia mlango. Midomo yake ikatamka kitu.

"Nini?" Sikio akauliza kwa nguvu.

"Nini?" mke akamjibu.

"Umesema nini?"

"Sisikii! Sema kwa sauti!"

Wakatazamana. Mama watoto ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, naye akafuata, na kwa kilomita kadhaa walikwenda hivyo, viziwi wote wawili, sawasawa, hakuna aliyemwacha mwenzake. Ilikuwa miezi mingi hawajakuwa sawasawa.

Alisimamisha gari kando ya shamba, akazima. Vumbi likawapita likaenda zake. Mke akakishika kidevu chake, akamgeuza uso.

"Nilisema hivi. Twende kwa daktari wa masikio."

Alizoea kujibu kwamba ana mawazo. Sasa alitazama ule mdomo uliokuwa ukisema peke yake kwa mwaka mzima.

"Lini?"

"Kesho, kabla hujapata mawazo."

Kliniki ya masikio ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Walimwekea kifaa kidogo nyuma ya kila sikio, wakamwambia mwanzoni sauti zitamjia kama za bati, avumilie. Wiki zilizofuata baadhi ya wateja walihama, wakisema Sikio kaisha. Wengi walibaki, wakazoea kusema naye uso kwa uso, na kuona magari yao yakipakwa povu. Mchapaji na daktari waliendelea kubishana palepale, ila sasa walisimama upande wa mwanga.

Lakini siku ile ya kwanza, waliposhuka ngazi za kliniki na kuingia mtaani, alisimama ghafla katikati ya watu. Kulikuwa na sauti laini karibu naye, fufu, fufu, inayokwenda na kusimama.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Mke wake akaangalia huku na kule. Akapiga hatua mbili, akasimama, akatabasamu.

"Gauni langu," akasema.

"Tembea tena," Sikio akamwambia.