Dunia ya Maganda ya Mihogo

Tangu mwaka jana nafundisha darasa la tano katika shule ileile niliyosoma utotoni, hapa Kasongo. Juzi, rafiki yangu, nilikuta wanawake wameanika mihogo kwenye uwanja wetu. Ile harufu ya uchachu ilinipiga puani, nikasimama palepale kama mjinga, machozi yakinilengalenga.

Uwanja huo, unajua, ulikuwa dunia. Ramani ya ukutani ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki bahari tupu. Basi kila Jumatatu mwalimu wetu alituambia tulete maganda makavu ya mihogo kutoka kwa mama zetu, tukayapanga chini mchangani huku yeye akituonyesha kwa kijiti: Afrika hii, Ulaya ile, Asia kule. Kila mtoto alipewa nchi yake, akaikalia mwaka mzima. Ilimbidi ajue watu wake wanakula nini, wanasalimianaje, wafalme wao wa zamani walijenga nini. Hata majina yetu yalipotea. Mwalimu aliita "Misri!" na Misri akaitika. Mimi nilikuwa Uhindi. Jirani yangu wa benchi, msichana wa familia ya Kiislamu ya pale mjini, alikuwa Japoni, na alijivuna nayo mpaka tukamchoka.

Sisi watoto wa Maniema, mkoa wa machimbo, tulikuwa na swali moja kwa kila nchi, wala si la mji mkuu. "Mwalimu, kule wanachimba nini?" Kwetu nchi isiyochimba kitu haikuwa nchi. Siku ya Japoni mwalimu akajibu, "Kule hawachimbe sana. Wanaunda: motokari, radio, simu."

"Sasa wanaunda na nini?" akauliza Japoni mwenyewe.

Mwalimu akatutuma tukanywe maji.

Kiangazi kikaingia, na pikipiki zikaanza kubeba watu kwenda kwenye dhahabu ya Salamabila. Brezili alifuata kaka zake. Misri alichukuliwa na baba yake akaoshe mchanga. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi, akarudi koo limemkauka. Nchi zilizoachwa hakumpa mtoto mwingine. Tukikatiza humo kwa mbio alipiga kelele, "Tokeni! Ile inchi iko na mwenyewe, atarudia!"

Nilimwamini, maskini mimi. Jioni nilimsimulia bibi yangu hayo yote, naye akitwanga sombe, yale majani ya mihogo, bila kuinua kichwa.

"Na ule mwalimu wenu," akasema, "yeye iko anakula nini?"

Nilimkasirikia bibi mpaka nikalala bila kumuaga.

Jumatatu moja tukawa wachache sana. Tulipanga dunia wenyewe kabla mwalimu hajafika, vizuri kuliko siku zote, ili afurahi. Kisha tukakaa kila mtu katika nchi yake tukamngoja. Jua likapanda. Wadogo wakaanza kulia njaa. Japoni alikuwa ameinamisha kichwa muda wote.

"Nilimuona asubui," akaniambia kwa sauti ya chini. "Alikuwa juu ya pikipiki ya Salamabila, na mufuko mugongoni."

"Na hukusema?"

"Nilifikiri atashuka."

Mbuzi wa jirani wakaja, wakaanza na Amerika. Hakuna aliyewafukuza. Walikula dunia yote mbele ya macho yetu, nasi tumekaa tu, na mwaka ule hakuna mtu aliyeipanga tena.

Siku hizo nilimchukia mwalimu. Leo sina nguvu ya kumchukia. Darasa langu limepungua kama lake, mshahara haufiki, chungu nyumbani kwangu kinashinda bila moto, na pikipiki zikifika mbele ya shule hupunguza mwendo, dereva akiniangalia. Naogopa, rafiki yangu. Kesho ni Jumatatu.