Gari la Verlene Tackett na Ombi la Moyoni

Kanisani kwa akina Verlene Tackett, Jumatano jioni ni zamu ya maombi, na kila mtu husema ombi lake. Asiyetaka kulitaja hunyoosha mkono na kusema tu, "La moyoni." Mchungaji huandika jina, wote humwombea, na hakuna anayeuliza. Kuuliza ni utovu mkubwa wa adabu kuliko hata kukoroma wakati wa mahubiri.

Verlene alikuwa amenyoosha mkono Jumatano tisa mfululizo.

Ombi lake lilikuwa gari. Yeye na marehemu mumewe, Hobart, walilinunua kwa mkopo ili Hobart afike hospitali ya Knoxville kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Bwana alimchukua Hobart mwezi wa Aprili. Gari likabaki, na marejesho yakabaki. Mshahara wa kupika shuleni ulitosha chakula na umeme, basi. Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mjane yule hakuhitaji hata baiskeli, sembuse gari. Miezi mitatu ilipopita bila kulipa, ikaja barua: gari litachukuliwa wakati wowote.

Hapo kwenye "wakati wowote" ndipo raha ilipomwishia. Hobart alikuwa shemasi miaka ishirini na sita, na Verlene hakutaka mji mzima utazame mali yake ikiburutwa kwa mnyororo kama ya mwizi. Akalipeleka gari kwa shemeji yake, akalificha ndani ya banda la kukaushia tumbaku.

Siku moja akasikia redioni habari za shirika la Kikristo linalopokea magari, kuyatengeneza, na kuwapa kina mama wasio na usafiri wa kwenda kazini. Moyo wake ukaruka. Nikishampa Mungu, alijiambia, nani atathubutu kwenda kumnyang'anya? Saa ya mapumziko, jikoni shuleni, akapiga simu.

"Hati ya umiliki unayo, mama?" akauliza binti wa shirika.

"Ninayo, mwanangu. Nimeishika hapa."

"Nisomee maneno ya juu kabisa."

Verlene akavaa miwani, akasoma.

"Hiyo ni karatasi ya usajili tu, mama. Ni ya kuruhusu gari litembee barabarani. Hati yenyewe anayo aliyekukopesha, mpaka deni liishe. Pole sana. Kwa sasa huwezi kulitoa, maana si lako peke yako."

Verlene alimshukuru vizuri, akakata simu, akaingia stoo ya unga akalia kidogo. Kumbe alitaka kumtolea Mungu kitu ambacho nusu yake ni ya watu.

Ikafika Jumatano ya kumi. Mchungaji Harmon alipomtazama, mkono wa Verlene ulinyanyuka nusu, ukashuka.

"Mchungaji, leo nitalisema."

Fern Ledbetter, rafiki yake tangu utotoni, akageuka na kiti chake chote. "Hatimaye! Nimekonda kwa kujizuia kuuliza."

"Hujakonda popote, Fern. Nyamaza nisije nikaghairi."

Akasema yote: mkopo, barua, banda, na ile simu ya shirika. Alisema akiwa ameinamisha macho. Alipomaliza, nyuma kabisa mtu akakohoa.

Alikuwa Lonnie Sizemore, pande la mtu, ambaye kazi yake ni kuvuta magari. Gari likikuharibikia njiani, unamwita Lonnie. Ukishindwa kulilipia, mkopeshaji humwita Lonnie.

"Mchungaji," akasema, uso mwekundu, "futa na ombi langu la moyoni. Lilikuwa hilohilo."

"Hilohilo lipi, ndugu?"

"Nina karatasi ya kulichukua gari la Dada Verlene. Wiki ya pili sasa inalala garini mwangu. Nimepita kwake mara nne, kila mara namwomba Bwana nisilione. Na kila mara amenijibu."

"Mwachie Bwana sifa zake," akasema Verlene, "lakini hiyo ilikuwa kazi ya banda la tumbaku."

Kicheko kikaanzia kwa Fern kikazunguka ukumbi. Lonnie akasogeza kiti.

"Umebakiza kiasi gani, dada?"

"Dola mia tisa na arobaini."

"Mia tisa! Dada, gari lile mnadani linapata elfu nne kabla sijafungua mnyororo! Sasa sikia. Kesho wapigie wewe mwenyewe, uwaombe kiasi cha kumaliza deni, kwa maandishi. Mimi nitawaambia ukweli, kwamba mwenyewe anataka kumaliza. Halafu warudie wale wa shirika uwaambie deni ni dogo na gari ni zima. Huenda wakalimaliza deni wao, hati ikaenda kwao. Wakikataa, tutaliuza, ulipe, utoe kinachobaki."

"Wiki mbili ulikuwa unayajua haya!" Fern akamkemea.

"Ombi la moyoni haliulizwi, Dada Fern. Wewe mwenyewe ulinifunza hapa hapa, nikiwa na miaka saba."

Fern akakirudisha kiti chake kikatazama mbele.

Verlene alipopiga simu, mkopeshaji alitoa siku kumi za kumaliza deni. Fundi wa shirika akaja bandani, akafungua boneti, akawasha injini, akasikiliza, akasema watalimaliza deni wao. Siku ya nane ikaja barua kwamba Verlene Tackett hadaiwi tena. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akampigia Fern akamsomea pamoja na anwani.

Jumamosi asubuhi Lonnie alilivuta gari kutoka bandani kulipeleka kwa shirika, akasimama kwanza mlangoni kwa Verlene ili mjane atoe vitu vya Hobart: kofia, na pakiti ya peremende za mnanaa. Jirani yake, mzee Coy, akatokea barazani na kikombe chake.

"Verlene! Wanakunyang'anya gari?"

"Nimelitoa mwenyewe, Coy!" Akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Nimelitoa, na limepokelewa!"

Akampungia Lonnie mkono mpaka alipokata kona. Kisha akaingia ndani, akala maharage na mkate wa mahindi, sahani mbili. Akajilaza kwenye kochi mchana ule ule, viatu miguuni, akasinzia kabla hajamaliza kumwambia Mungu asante.