Chai Niliwapa, Kesi Sikuwapa

Neno la kwanza nililolichukia baada ya mume wangu kufa ni "ajali". Kila aliyeingia nyumbani kwangu Mashimoni alikuja nalo mdomoni. Ajali haina kinga, mama. Siku za mwanzo nilikuwa naitikia kwa kichwa, maana mfiwa hapewi nafasi ya kubishana. Baadaye nikachoka. Mzee mmoja wa kanisa aliponiambia tena kwamba ajali haina kinga, nilimjibu kwamba ni kweli, lakini chupa ina kifuniko, na yule kijana dereva alikifungua kwa mkono wake. Mzee aliaga mapema siku hiyo.

Jinsi ilivyotokea si siri, watu wengi waliona. Mume wangu alikuwa fundi wa mbao, mtu wa Machakos, na karakana yake ilikuwa Kawangware. Kila alfajiri alienda kazini kwa baiskeli pamoja na rafiki yake, fundi wa rangi, kijana aliyezaliwa na kukulia Makina. Walikuwa na utaratibu wao. Rafiki alitangulia, mume wangu akafuata nyuma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na koti lenye ukanda unaong'aa mgongoni. Ukanda ule niliushona mimi. Nina cherehani, nashona sare za shule, na nikishona kitu hakibanduki.

Walikuwa wanakaribia kona ya kuingia mtaa wa Satellite, pembeni kabisa mwa barabara, gari likatoka nyuma likawazoa wote wawili. Halikusimama mpaka lilipoingia kwenye kibanda cha mitumba. Mama anayeuza uji pale kwenye kona aliniambia kwamba dereva alipofungua mlango alianguka chini, na si kwa kuumia. Miguu ilikataa. Vijana wa bodaboda wakamshika wakidhani amevunjika mahali.

"Huyu msee ni maji kabisa," mmoja wao akasema. "Amelewa hadi hajui amegonga watu."

Kumbe alikuwa anauliza nani amevunja taa ya gari lake. Mume wangu amelala mtaroni, na mtu anauliza taa. Hilo ndilo sijaweza kulimeza mpaka leo, na sijaribu.

Kijana mwenyewe ni wa familia ya Kawangware yenye ardhi, watu waliokuwa pale kabla ya sisi wengine kuja na masanduku yetu. Wana ploti, wana maduka, na kanisani wana viti vyao vya mbele. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amepanga chumba katika mojawapo ya ploti zao. Sikulitilia maanani jambo hilo mwanzoni.

Kijana aliposhtakiwa kwamba alisababisha vifo viwili akiendesha gari akiwa amelewa, alikana. Alisimama pale kortini na suti yake, akasema si kweli. Wakili wake akaongeza kwamba marehemu walikuwa hawaonekani, kwamba watu wa baiskeli wa Nairobi wana tabia ya kutembea gizani bila taa wala alama yoyote. Niliposikia hivyo nilijikuta nimesimama. Askari wa korti akaninong'oneza, "Mama, kaa, wakati wako utafika." Nikakaa, lakini nilikaa na hasira yangu, sikuiacha chini.

Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka. Watu walidhani nataka yule kijana aoze jela, na kuna siku kweli nilitaka. Lakini hasa nilitaka jambo moja: asimame pale mbele ya watu wote, na mdomo wake mwenyewe useme alikuwa amelewa akawaua watu wawili. Basi. Wengine wakae na ajali yao.

Jumapili moja alasiri shemeji akaja na wageni. Hakuwa ameniambia. Nilisikia hodi, nikafungua, nikakuta baba yake yule kijana, mama yake, na wazee wawili wenye kofia na fimbo. Walikuwa wamebeba unga, sukari, mkate na blanketi, kama watu wanaokuja kuhani. Chumba changu ni kimoja na pazia. Tulibanana, wengine kwenye viti, wengine kitandani, watoto wangu wawili nikawatuma kwa jirani.

"Na yeye yuko wapi?" niliuliza.

"Hajisikii vizuri, mama," baba yake akasema. "Tangu siku hiyo hajakuwa sawa."

Nikasema hata mimi sijakuwa sawa, lakini nipo. Mzee mmoja akakohoa, akaanza kuzunguka mbuyu. Alisema yaliyopita si ndwele. Alisema sisi sote ni watu wa Mungu, na ya nini kwenda kuanika mambo mbele ya hakimu wakati watu wazima wanaweza kukaa chini wakaelewana. Familia ilikuwa tayari kuwasomesha watoto wangu mpaka mwisho. Tukielewana, wakili atamwambia hakimu, na hakimu husikiza sana wafiwa wakisema wamesamehe.

"Shem, hii maneno si tuimalize hapa nyumbani," shemeji yangu akasema. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vya mwenye nyumba wake, na hapo ndipo nilipoelewa aliko.

Niliwaambia kama wanataka kusomesha watoto, wasomeshe, ni jambo zuri na Mungu ataliona. Kesi ibaki palepale ilipo. Mzee akasema, "Mama, heri nusu shari kuliko shari kamili." Nikamwambia mimi shari kamili nimeshaipata, hiyo nusu nitaitafutia wapi?

Sasa niseme kuhusu chai. Mimi nimelelewa hivi: mtu akivuka mlango wako akakaa, hata kama ni mtu unayemchukia, unabandika sufuria. Mama yangu alimpa chai askari aliyekuja kumkamata ndugu yake, akamwongezea na kiazi kitamu. Kwa hiyo nilibandika. Nilitia tangawizi, nikawamiminia, nikakata mkate wao wenyewe. Walikunywa. Mzee akaomba dua ndefu, akashukuru kwa umoja, nami nikasema amina kwa sababu hakuna asemaye hapana kwa dua. Walipokuwa wanainuka, mama yake kijana akatoa simu. "Picha moja tu ya kumbukumbu, mama." Akampa shemeji atupige. Nikasimama katikati yao na kikombe changu. Nikatabasamu, kwa sababu tangu utoto nikielekezewa kamera natabasamu. Hata nilipopigwa picha ya kitambulisho nilikaripiwa.

Walipoondoka nilidhani nimewashinda.

Kesho yake nilienda Makina kumwona mama yake yule fundi wa rangi. Ni mzee, mjane kama mimi, na mwanawe huyo ndiye aliyekuwa anamtunza. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka na tasbihi. Nikamweleza walivyokuja na nilivyowajibu, nikijisifu kidogo.

"Hata hapa walifika, mwanangu," akasema. "Nikawapa chai. Na nimemsamehe yule mtoto."

"Umefanya nini, mama?"

"Nimemsamehe. Nikilala na chuki nitaamka nayo, na mimi ni mtu mzima, sina nguvu ya kuibeba."

Nilinyanyuka bila kuaga vizuri. Njia nzima kurudi Mashimoni nilikuwa naongea peke yangu, watu wananipisha. Tulikuwa wafiwa wawili. Mmoja akisema amesamehe, mwingine anabaki kuwa mwanamke mkorofi wa Mashimoni asiye na dini. Nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyomkasirikia dereva, na hilo halina maana yoyote, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuenda tena kwake. Nikisikia adhana ya Makina ilikuwa inaniumiza.

Siku ya kesi niliamka alfajiri. Nilivaa nguo yangu nyeusi, nikatandika shuka, nikakoroga uji sikuunywa. Kortini nilimkuta yule mama ameshaketi benchi ya mbele, na buibui lake, mikono mapajani. Nikakaa upande mwingine. Shemeji yangu alikuwa nyuma ya familia ya kijana, kama mtu wao.

Wakili akainuka akasema ana jambo la heri. Familia zimekutana, zimeketi pamoja, zimekula na kunywa kwa desturi zetu za Kiafrika, na wafiwa wamesamehe. Anaomba kesi iondolewe. Kisha akatoa picha. Alikuwa ameichapisha kubwa, na rangi zake zote. Mimi hapo katikati, kikombe mkononi, nimekenua meno. Karani akampelekea hakimu. Watu nyuma wakanong'ona, na nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Si basi yameisha."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Desturi zetu! Mtu anakuja nyumbani kwako, anakula adabu yako, kisha anaitoa kortini ikufunge mdomo.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini. Akaniuliza kama ni mimi kwenye picha. Nikasema ni mimi. Akauliza kama niliwapa chai.

"Niliwapa," nikasema. "Hata wewe ukija nitakupa. Hata huyu kijana akija nitampa, nitamwekea sukari. Kwetu mgeni hanyimwi chai. Lakini mheshimiwa, chai ni chai. Mimi sikujua kwamba nikichemsha maji mume wangu anakuwa hajauawa."

Mtu akacheka nyuma. Nikaendelea kwa sababu sikuwa na uhakika kama nitapewa nafasi tena. Nikasema sijasamehe. Nikasema mume wangu alionekana, alikuwa na ukanda nilioushona mwenyewe, na aliyekuwa haoni ni huyo aliyekunywa. Hakimu akaniambia hayo ya ukanda nitayasema kwenye ushahidi. Nikasema asante, nikakaa.

Kisha akamgeukia yule mama wa Makina. Nikafumba macho. Nilijua atakachosema, aliniambia mwenyewe.

"Ni kweli umemsamehe mshtakiwa?"

"Ni kweli," akasema.

Wakili akaanza kuinuka. Yule mama akamwinulia kiganja, polepole, kama anayemnyamazisha mtoto, na wakili akakaa bila kujijua.

"Nimemsamehe, na sirudi nyuma," akasema. "Kusamehe ni kwangu. Kuhukumu ni kwako wewe. Mimi nimefanya kazi yangu, na wewe fanya yako."

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Nililia kwa sauti, mimi niliyekuwa sijalia hata kaburini. Nililia kwa furaha, na kwa aibu ya kumnunia mtu mkubwa kuliko mimi, na kwa sababu mume wangu angependa sana kusikia jibu lile. Hakimu akalikataa ombi. Akapanga siku ya kuanza kusikiza mashahidi.

Tulipotoka, shemeji yangu akanipita bila kunisalimia. Mwezi uliofuata aliambiwa chumba chake kinahitajika kukarabatiwa, akahamia Riruta Satellite, na mpaka leo anasema mimi ndiye niliyemfukuzisha nyumba. Nilimpelekea godoro. Alilipokea na hakunikaribisha ndani.

Yule mama na mimi tulikuwa tumesimama kwenye korido, nimemshika mkono, tunangoja watu wapungue kwenye ngazi. Ndipo kijana akaja. Peke yake. Wakili alikuwa mbali kidogo, anaongea na simu. Kwa mara ya kwanza nilimwona karibu. Ni mtoto tu, ndevu hazijajaa. Alimwamkia yule mama, kisha akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mum, naomba unisamehe," akasema. Sauti ilikuwa chini sana. "Ni kweli nilikuwa nimelewa. Sikufaa kushika gari. Kila nikilala nawaona."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasubiri tangu mazishi. Niliyangoja usiku na mchana, nikayawaza nikishona sare za watoto wa watu, na sasa yamekuja, na nikahisi kifua kinalegea. Nikaona ningeweza kumwambia sawa, mwanangu, nenda. Yule mama akanibana mkono, na mpaka leo sijamuuliza alikuwa ananibana nimsamehe au nisimame imara.

Nikamtazama yule kijana. Nikaona jinsi alivyochungulia kwanza nyuma kuhakikisha wakili hasikii.

"Umesema vizuri," nikamwambia. "Sasa rudi mle ndani uyaseme hayohayo, na sauti ifike mpaka benchi ya mwisho. Mimi nitakuwa nimekaa ya mbele."

Wakili akamwita. Kijana akasimama, akaangalia mlango wa korti, kisha akamwangalia wakili. Sikumngoja aamue. Nilimshika yule mama kiwiko, tukaanza kushuka ngazi.