Ndiyo ya Mgeni

Tulikuwa kwenye kituo cha kukusanyia majani chai huko Kibugu, tukingoja lori, msichana anayesomea saikolojia chuoni alipoanza kutuhoji. Alitaka kupima wazo lake, kwamba wachumaji wanaofanya kazi pamoja huwa na wasiwasi mdogo.

“Mama, ukichuma na wenzako, wasiwasi hupungua?”

“Eeh, hupungua sana,” jirani yangu alijibu, na wengine wakaitikia.

Msichana akakuna shavu kwa kalamu, kisha akaligeuza swali. “Na ukichuma peke yako, ndipo hupungua?”

“Eeh, hupungua kabisa.”

“Lakini mama, hayo mawili yanapingana.”

“Wewe ni mgeni wetu. Tukukatalie, urudi kwenu na huzuni?”

“Nikipeleka majibu ya heshima, mwalimu wangu ataitupa kazi yote.” Akakunja karatasi zake. “Kesho nitachuma nanyi. Sitauliza kitu, nitaangalia tu.”

“Eeh, njoo,” wakasema wote.

Hilo nalo walilikubali kwa adabu tu. Asubuhi tulimkuta ametangulia shambani, kikapu mgongoni.

Jumapili naenda kwa shangazi kumuuliza habari za babu. Sitamwambia, “Si ilikuwa hivi?” asije naye akaniitikia kwa adabu tu. Nitauliza ilikuwaje, kisha ninyamaze.